Na shangazi zako je? Jeni za kurithi na saratani ya titi na ovari

Mwanamke anayefika kliniki akiwa na uvimbe kwenye titi huulizwa kama kuna ndugu aliyewahi kuugua saratani, naye mara nyingi hueleza habari za mama yake, bibi mzaa mama na dada zake, kisha hunyamaza. Hapo hatuna budi kuongeza swali: na shangazi zako je? Wengi hushangaa, kwa kuwa wamezoea kuamini kwamba ugonjwa wa matiti hurithiwa kwa upande wa mama tu. Imani hiyo si sahihi, na imewachelewesha wengi.

Jeni mbili zinazohusika zaidi ni BRCA1, iliyo kwenye kromosomu ya 17, na BRCA2, iliyo kwenye kromosomu ya 13. Kazi yake ni kusaidia seli kurekebisha vinasaba vilivyokatika. Kila mtu, mwanamume au mwanamke, ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mzazi mwenye nakala moja iliyo na hitilafu anaweza kumrithisha kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, kwa uwezekano wa asilimia 50. Hivyo baba anaweza kuwa nayo hadi uzeeni bila kuugua, akamwachia binti yake, na dalili pekee katika ukoo ikawa dada yake huyo baba aliyefariki akiwa na umri wa miaka 42, kifo ambacho ndugu walikieleza kuwa cha tumbo kujaa maji, ilhali huenda ilikuwa saratani ya ovari, yaani viungo vya mwanamke vinavyotoa mayai ya uzazi.

Kinachorithiwa ni hatari, si ugonjwa wenyewe, lakini hatari hiyo ni kubwa. Katika utafiti mpana uliochapishwa mwaka 2017, takriban wanawake 70 kati ya 100 wenye hitilafu katika mojawapo ya jeni hizi walikadiriwa kupata saratani ya titi kabla ya kutimiza miaka 80. Kwa saratani ya ovari, makadirio yalikuwa 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2, wakati kwa wanawake wote kwa jumla hawafiki 2. Hata hivyo, saratani nyingi za titi hazitokani na urithi huu. Zinazotokana nao ni takriban 5 hadi 10 kati ya 100.

Pale kipimo cha jeni kinapopatikana, ni vyema aanze kupimwa ndugu aliyekwisha kuugua, baada ya ushauri nasaha. Wakati mwingine majibu huonyesha badiliko ambalo maana yake haijajulikana, jambo linalowapata zaidi Waafrika kwa sababu vinasaba vyetu vimechunguzwa kidogo. Badiliko la namna hiyo pekee si sababu ya kufanyiwa upasuaji. Hitilafu ikithibitishwa, matiti huchunguzwa kila mwaka kuanzia ujanani, hasa kwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Kwa ovari hakuna uchunguzi wa kutegemewa, hivyo mwanamke aliyemaliza kuzaa hushauriwa kuondolewa ovari na mirija yake, kwa BRCA1 kati ya miaka 35 na 40.

Kabla ya kuja kliniki, waulize wazee wa pande zote mbili: nani aliugua, wapi mwilini, akiwa na umri gani. Usiwaruke wajomba na baba wadogo, kwani hitilafu ya BRCA2 huongeza pia hatari ya saratani ya tezi dume, na mwanamume aliyeugua saratani ya titi ni taarifa ambayo daktari anaihitaji sana.