Postikadi kuukuu, mji mpya: namna ya kusoma picha za zamani za Lamu

Karibu kila mwezi hunijia mtu ofisini na picha ile ile. Kadi hutofautiana, lakini picha ni moja: pwani ya Lamu iliyopigwa kutoka baharini, nyumba zenye veranda za nguzo zimejipanga, majahazi yametia nanga mbele, na mbingu nyeupe pe kama sanda. Aliyeileta huiweka mezani kwa fahari na kusema, "Hii ndiyo Lamu ya kale." Nami hulazimika kumkatiza kwa adabu. Kadi ni kuukuu kweli, lakini mji uliomo ndani yake ulikuwa bado mpya.

Ukishuka gatini leo ukaiendea Ngome, utavuka barabara ya pwani, upite kati ya majengo, utokeze kwenye uwanja wa Mkunguni, ndipo uione. Ngome hiyo ilipoanza kujengwa mnamo 1813, baada ya Vita vya Shela, hadi ikamalizika 1821, ilisimama ukingoni mwa maji. Bahari haikujirudisha nyuma yenyewe, watu waliifukia. Katika karne ya 19 ufuo ulijazwa kidogo kidogo, na juu ya ardhi hiyo mpya ikapanda safu ya majengo ya wafanyabiashara na maofisa, yenye veranda zinazotazama kisiwa cha Manda kwa mtindo uliotoka Bara Hindi. Hata jengo la Makumbusho ya Lamu, ambalo wageni wengi hulidhani ni la kale kupita yote, ni la mwisho wa karne hiyo.

Lamu yenye umri iko nyuma ya safu hiyo. Vuka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, panda mtaa wa Mkomani, na hapo ndipo zilipo nyumba za mawe ambazo nyingi ni za karne ya 18, wakati wa neema ya mji. Ndizo sababu kubwa ya UNESCO kuuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Na ndizo zisizoonekana kwenye postikadi.

Mpigapicha hakuwa na ubaya wowote, ila alikuja kwa meli. Wapigapicha waliotawala soko la picha za mwambao walikuwa na studio zao Zanzibar. Mashuhuri kati yao ni A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, watu wenye asili ya Goa, na wateja wao walikuwa abiria wa meli na maofisa wa kikoloni. Lamu inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua humpiga mgongoni aliye mashuani na kuziangaza nyumba zote za pwani mara moja. Picha nzuri, bila jasho. Kuingia mitaani ni kazi nyingine. Njia ni nyembamba kiasi cha watu wawili kupishana na punda kwa kubanana ukutani, jua halifiki chini ila saa sita, na kamera ya wakati huo ilikuwa kisanduku cha mbao chenye miguu mitatu.

Hata kama angeingia, angepiga nini? Nyumba ya mawe ya Kiamu imeipa njia kisogo. Nje ni ukuta mtupu, mlango, na daka lenye baraza mbili za kukalia. Ukipita tekani, yaani kipenyo cha kuingilia, unapinda, ili aliye mlangoni asione ndani, kisha unatokea kiwandani, yaani uani, palipo wazi juu. Mbele ya kiwanda ni msana wa tini (ukumbi wa chini), nyuma yake msana wa yuu (ukumbi wa juu), halafu chumba kiitwacho ndani, kila chumba kikiwa kirefu kwa upana lakini chembamba kwa kina. Wembamba huo haukutokana na kupenda. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi kabla haijalegea, basi mkoko ndio uliomwamuru mwashi. Ukuta wa mwisho, ndani kabisa, ndio uliopambwa: safu juu ya safu za zidaka, vishubaka vya ukutani vya chokaa iliyochongwa, mahali pa sahani za Uchina na vitabu. Chooni kuna birika, yaani tangi la maji, na chini ya birika hupachikwa bakuli la kaure ili maji yakipungua visamaki vibaki na pa kuishi, viendelee kula viluwiluwi vya mbu. Yote haya yalikuwa ya wenyewe na ya wanawake wao. Mgeni mwenye kamera aliishia barazani, akanywa kahawa, akaenda zake.

Kwa hiyo mtu anapoamua kukarabati nyumba yake ya Mkomani na kuiongezea veranda ya nguzo "kama ilivyokuwa zamani", kwa ushahidi wa postikadi, anaivika nyumba ya karne ya 18 nguo ya jirani yake mdogo. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na huniuma zaidi kuliko paa la bati.

Sisemi kadi zitupwe. Mwenye kujua kuihoji kadi atapata mengi, na maswali ya kwanza yako mgongoni. Postikadi ilianza Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, ikiwa kipande cha karatasi ngumu kisicho na picha. Picha zilipoingia, upande wa nyuma ulibaki wa anwani peke yake, na mwandishi alilazimika kujibana kwenye ukingo wa picha. Ndiyo maana kadi za mwanzo zina salamu zilizoandikwa juu ya bahari na mapaa ya nyumba. Uingereza iliruhusu mgongo ugawanywe mara mbili, ujumbe kushoto na anwani kulia, mwaka 1902, na Ujerumani ikafuata 1905. Kadi yako ikiwa na mstari katikati ya mgongo, haikuchapwa kabla ya 1902.

Stempu nayo husema. Za kampuni ya Waingereza iliyotawala Afrika Mashariki zilianza 1890. Zenye jina la Afrika Mashariki na Uganda zilianza 1903, zikiwa na kichwa cha Mfalme Edward wa Saba, kisha cha George wa Tano. Kuanzia 1922 zinasomeka Kenya na Uganda, na kuanzia 1935 Tanganyika imeongezwa. Adimu kabisa ni barua zenye muhuri wa Lamu wa Wajerumani, kwa sababu posta yao hapa, iliyofunguliwa Novemba 1888 wakati ndugu Clemens na Gustav Denhardt wakiwa na mambo yao na Sultani wa Witu, ng'ambo ya bara, ilifungwa Machi 1891. Jengo lake lipo hadi leo na ni makumbusho madogo. Ila usisahau: muhuri unakwambia kadi ilitumwa lini, haukwambii picha ilipigwa lini. Wachapishaji waliuza picha moja miaka na miaka, na kadi iliyotumwa 1912 inaweza kuwa na Lamu ya 1895.

Ndipo uigeukie picha yenyewe. Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vidoto vilivyopangwa kama matundu ya chujio, imechapwa kwa mashine. Ukiona vikunjo vidogo vidogo vya wino kama ngozi ya mzee, ni kolotaipi, njia ya uchapaji iliyopendwa sana mwanzoni mwa karne ya 20. Usipoona doto wala kikunjo, kivuli kikaingia mwangani bila mpaka, hiyo ni picha halisi ya kamera iliyosafishwa kwenye karatasi ya kadi, na ndiyo ya kuaminiwa kuliko zote kwa mambo ya ujenzi.

Kuna mitego. Sahani za kioo za zamani zilikuwa vipofu wa rangi nyekundu na zililewa rangi ya buluu. Mbingu hutoka nyeupe, na chochote chekundu hutoka cheusi. Bendera nyeusi juu ya Ngome, ambayo kijana mmoja aliniapia ni ya maharamia, ni bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Na hiyo haikupi tarehe, kwa sababu ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa mali ya Sultani, chini ya ulinzi wa Waingereza, hadi 1963. Mtego mwingine ni picha iliyogeuzwa. Ukiutazama mji kutoka baharini, Mkomani iko kuliani na mtaa wa Langoni kushotoni. Mchapishaji wa Ulaya akiilaza negativu upande usio wake, mji hugeuka kama kwenye kioo, naye hana wa kumsahihisha. Tafuta maandishi ya Kiarabu popote pale pichani. Yakisomeka kinyume, umempata.

Rangi ndiyo iliyoniangusha mimi. Miaka kadhaa nyuma mwenye nyumba mmoja wa pwani aliniuliza mlango wake wa kuchonga ulikuwa na rangi gani asili. Nilikuwa na kadi ya nyumba hiyo hiyo, mlango wake kijani kibichi kabisa, nikamjibu bila kusita: kijani. Fundi alipoanza kuukwangua ule mlango hakukuta kijani. Chini ya rangi ya mafuta ya juzi palikuwa na mbao tupu, nyeusi kwa mafuta iliyonyweshwa miaka mingi. Kadi ile ilikuwa picha nyeusi na nyeupe iliyopelekwa Ulaya ikapakwa rangi na mtu ambaye hajawahi kuiona Lamu, na aliyeona mlango akafikiri kijani kitapendeza. Tangu siku hiyo swali la rangi namwachia fundi na kisu chake.

Michoro ina mazoea hayo tangu zamani zaidi. Mwaka 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha kule Köln atlasi ya miji ya dunia, na ukurasa mmoja una Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Ni mchoro mzuri, nami nisingekataa kuutundika ukutani. Lakini mchongaji alifanya kazi kwa masimulizi, kwa mkono uliozoea miji ya Ulaya. Atakayeutumia kutafuta umbo la msikiti wa Kilwa atapotea.

Niseme basi kadi ya pwani inafaa nini, maana nimeiponda vya kutosha. Inafaa mno kwa safu ile ile inayoionyesha, na safu hiyo nayo ni urithi, hata kama ni mdogo wa Mkomani. Hesabu nguzo za veranda, tazama mahali palipozibwa dirisha, linganisha makuti na mabati. Tazama miti ya Mkunguni. Tazama vyombo: ukiona mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, chenye tanga la mkeka la mraba lililosimama wima, jua unatazama picha ya zamani hasa, kwa maana mitepe ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ngome ilikuwa jela kuanzia 1910 hadi 1984, na kwa miaka hiyo yote wengi wetu tuliijua kwa ukuta wake wa nje tu, kama ilivyo kwenye kadi. Kijiji cha Shela kina bahati yake: mnara wa Msikiti wa Ijumaa wa 1829, wenye umbo la pia ya kuchezea, huonekana kutoka mbali na haumchanganyi mtu. Malindi nako, nguzo ya Vasco da Gama imepigwa picha mpaka imechoka, ilhali makaburi ya nguzo yaliyo karibu na msikiti yakisubiri zamu.

Kama una kadi nyumbani, unyevu na chumvi ya hewa yetu vinaimaliza polepole. Itoe kwenye fremu inayopigwa na jua. Usiibandike selotepu wala kuifunika kwa plastiki ya moto. Iweke ndani ya bahasha ya karatasi, na uandike kwa penseli juu ya bahasha, si juu ya kadi. Kabla ya kutuletea, piga picha pande zote mbili kwa simu. Sisi hapa ofisini tutaiingiza kwenye skana na kukurudishia ya asili mkononi mwako. Hatuchukui.

Mwaka uliopita bibi mmoja alikuja na kopo la biskuti lenye kadi saba. Sita zilikuwa za pwani, na nilikwisha ziona zote. Ya saba ilikuwa ya kichochoro: kuta mbili, punda mmoja, mtoto aliyetikisika na kuwa ukungu, na juu yao wikio, chumba kinachovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba. Chini mchapishaji alikuwa ameandika kwa Kiingereza maneno matatu yenye maana ya njia ya Lamu, basi. Nilianza kumweleza habari ya mgongo uliogawanywa na kolotaipi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha kidole juu ya wikio.

"Hini si ndia tu, mwanangu. Hapa yuu ndipo alipozawa mama."

Nilimwomba ataje mtaa, jina la nyumba, na walioishi pande mbili za wikio. Alinitajia wote hadi mababu, nami nikaandika kwa penseli juu ya bahasha mpaka nafasi ikaisha, nikachukua bahasha ya pili.