Rauta ya Bure Si Yako

Kila mwisho wa mwezi swali kuhusu intaneti ya faiba (waya wa kioo) ya nyumbani ni lile lile: "Hawa wananifungia intaneti bure na rauta juu, wale wanataka elfu sita. Si hawa ndio nafuu?" Elfu sita peke yake haijibu kitu. Inauma kuona mpangaji wa Nairobi akitia sahihi miaka miwili ya deni kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango.

Chukua kalamu. Tuseme kampuni ya kwanza inafunga bure, Sh3,500 kwa mwezi, mkataba wa miezi 24. Ya pili inataka Sh6,000 za kufunga, kisha Sh3,000 kwa mwezi, kasi ile ile, bila mkataba. Mwisho wa mwezi wa 12 zote zimekula Sh42,000. Kuanzia mwezi wa 13 ile ya "bure" inakupita kila mwezi kwa Sh500, na ukifika mwezi wa 24 umelipa Sh84,000 badala ya Sh78,000. Elfu sita zako zimelipwa mara mbili, ila hukuziona zikitoka.

Utasema: mimi sitakaa hata mwaka, kwa hiyo bure inanifaa. Inakufaa iwapo tu mkataba unakuruhusu kutoka. Ukihama mwezi wa 8 na kifungu kinadai miezi yote iliyobaki, ni miezi 16 mara Sh3,500, yaani Sh56,000 za huduma itakayobaki kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mikataba mingine hudai gharama ya kufunga tu, na hiyo inavumilika. Kifungu cha kuvunja mkataba kisome kabla ya bei. Kisha uliza kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 16, na kama ni bei ya kudumu au ya miezi mitatu ya kwanza.

"Lipa miezi 10 upate 12" ni punguzo la karibu asilimia 17, na si dogo. Lakini miezi ya bure huja mwishoni. Anayehama mwezi wa saba hajaifikia, na pesa zake zishaingia. Tena anayelipa mwezi kwa mwezi ana silaha moja, kutolipa mwezi ujao, na aliyelipa mwaka mzima amekabidhi silaha hiyo. Hapa hata hivyo nasitasita. Kwa mtu aliye kwenye nyumba yake mwenyewe, ambaye jirani yake ametumia laini hiyo hiyo miaka miwili bila malalamiko, ningemwambia alipe.

Sasa rauta, maana hapa ndipo watu hudanganyika zaidi. Si yako. Umeazimwa. Namba ya kifaa iliyo kwenye stika ya chini imesajiliwa kwenye mtambo wa kampuni, na kisanduku hicho hakitaongea na mtambo wa kampuni nyingine hata ukichomeka waya wao. Ukiondoka kinarudi, pamoja na adapta yake. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, hutaja bei ya vifaa kando na ya mwezi, na watu hushtuka wanapoiona. Vifaa vya faiba navyo vina bei, ila imekatwa vipande vidogo ikatiwa ndani ya bili.

Kigeuze kisanduku cha rauta kabla fundi hajaondoka. Matundu ya waya yakiwa ya 10/100, yaani mwisho wake Mbps 100 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi), kompyuta iliyochomekwa haitapata zaidi ya Mbps 94 hivi, hata ukilipia 200. Kisha tazama kama kinatoa masafa ya Wi-Fi ya 5 GHz. Kama kina 2.4 GHz pekee, fikiria ghorofa yenye rauta thelathini: masafa hayo yana chaneli tatu tu zisizogongana, ya 1, ya 6 na ya 11, na wote mnazigombania. Simu ya kawaida kwenye chaneli ya upana wa 20 MHz hujiunga kwa Mbps 72 kwenye karatasi, nusu yake mkononi, na jioni inashuka zaidi. Mteja anaona 30 kwenye simu, anapiga kelele kwamba kampuni inamwibia, anauziwa kifurushi kikubwa zaidi, na anaendelea kuona 30. Chomeka kompyuta kwa waya upime. Waya ukitoa 100, faiba haina kosa. Hapo rauta yako mwenyewe ya masafa mawili itakufaa kuliko kupanda kifurushi, nayo utahama nayo.

Halafu mahali pa kuiweka. Fundi huiweka mlangoni kwa sababu waya umeishia mlangoni. Mwambie mapema unataka mita kumi zaidi ndani, ifike katikati ya nyumba, nje ya kabati na mbali na mgongo wa televisheni. Waya wa faiba usikunjwe kwa kona kali kuliko mviringo wa kikombe cha chai, wala usipite chini ya mguu wa kochi. Kioo kilicho ndani hakionyeshi jeraha: siku moja taa nyekundu ya LOS, yaani mwanga umepotea, inawaka tu. Kichwa cha kijani kinaingia kwenye tundu la kijani, na kisiguswe ncha kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yanatosha kupunguza mwanga. Mwombe fundi akuonyeshe kipimo cha nguvu ya mwanga, kinachosomwa kwa dBm: kati ya hasi 15 na hasi 25 ni pazuri, kikishuka chini ya hasi 27 asiondoke.

Kasi yenyewe imejaa vurugu. Mbps ni megabiti, na biti nane ni baiti moja. Laini ya Mbps 40 hushusha megabaiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya GB 4 itachukua kama dakika 13. Netflix hushauri Mbps 5 kwa picha ya HD kamili na 15 kwa 4K. Piga hesabu ya skrini zako kabla ya kudanganywa na "mara mbili ya kasi, bure".

Neno baya zaidi kwenye tangazo la kasi ni "hadi". Faiba nyingi za nyumbani ni GPON, mfumo wa nyumba nyingi kugawana waya mmoja: mlango mmoja wa mtambo unatoa Gbps 2.488 (karibu Mbps 2,488), unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Nyumba 64 zikivuta kwa pamoja, kila moja inapata chini ya Mbps 39. Kwa kawaida hazivuti pamoja, na ndiyo maana mpango huu unafanya kazi. Ila laini ya kampuni inayotoka mtaani kwenda nje nayo inaweza kujaa, na hilo halimo kwenye mkataba wowote. Kalamu haifiki hapo. Nenda kwa jirani wa ngazi ile ile anayetumia kampuni hiyo, saa tatu usiku, upime kwa waya, kwenye seva ya kupimia isiyo ya kampuni yenyewe. Huo ndio ulinganisho ninaouamini. Na kama mwenye nyumba ameruhusu kampuni moja tu kuvuta waya, ulinganisho umekwisha, bishania mkataba.

Televisheni ya kifurushi: toa chaneli ambazo antena inakupa bure, maana tangu Kenya ihame kwenda dijitali mwaka 2015 king'amuzi cha kununua mara moja kinazishika. Zinazobaki ndizo unazolipia. Simu ya mezani ya bure huwa bure ndani ya mtandao wao, na stima ikipotea inazima na rauta. "Bila kikomo" mara nyingi ina kikomo cha GB ambacho baada yake kasi hushuka, ulizia namba. Mwenye kamera za usalama aulize pia kama atapewa anwani ya IP ya umma, yaani namba ya mtandaoni inayofikika kutoka nje. Rauta ikionyesha anwani ya nje kati ya 100.64 na 100.127, hujapewa, na kamera zinazotegemea kufungua pothi (mlango wa rauta wa kuingilia kutoka nje) hazitaonekana ukiwa safarini.

Siku ya kufunga, piga picha stika ya kila kisanduku na adapta yake. Siku ya kuondoka, toa notisi kwa maandishi, rudisha vifaa mwenyewe, na usitoke kaunta bila risiti yenye namba zile zile za kwenye picha.