Figo mpya huumia pia damu inaporudi

Figo inapopandikizwa, ndugu wanaosubiri nje ya chumba cha upasuaji huhofia zile dakika ambazo figo haina damu. Wana haki ya kuhofu, ila jeraha jingine huanza baadaye, pale daktari anapofungua vibanio, damu ikaingia, na figo iliyopauka ikarudi kuwa ya waridi.

Figo ikikosa oksijeni, mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, hukwama. Kemikali iitwayo suksineti hurundikana. Oksijeni inaporudi ghafla, mrundikano huo huchomwa kwa pupa na kuzalisha chembe kali za oksijeni zinazoshambulia kuta za seli. Kuta hizo zimejengwa kwa mafuta, na yanayozipata hayana tofauti kubwa na yale ya mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi mpaka yakachacha. Figo ikiumia hivyo huweza kuchelewa kuamka, na mgonjwa akaendelea kusafishwa damu kwa mashine huku figo mpya anayo tumboni. Familia nyingi hukata tamaa hapo, ingawa figo nyingi za namna hii huamka.

Kinga kuu ni baridi na haraka. Figo husafishwa kwa maji maalumu na kuhifadhiwa kwenye nyuzi joto 4 hivi, ili seli zisihitaji nishati nyingi. Maji yaliyobuniwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, yana glutathioni, kemikali inayozima chembe kali za oksijeni, pamoja na alopurinoli, dawa ile ile wanayopewa wenye jongo. Alopurinoli huzuia kimeng'enya kimojawapo kinachozalisha chembe hizo.

Ulaya wakajaribu zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walichukua figo mbili za kila marehemu mchangiaji: moja barafuni, ya pili kwenye mashine inayoipitishia maji baridi bila kukoma. Kati ya wagonjwa 336 kila upande, waliochelewa kupata figo inayofanya kazi walikuwa 89 upande wa barafu na 70 upande wa mashine.

Hapa Tanzania, tangu Muhimbili ianze upandikizaji mwaka 2017, wachangiaji ni ndugu walio hai. Figo haisafiri usiku kucha, na hilo peke yake ni kinga kubwa.

Kliniki naulizwa sana kuhusu vidonge na unga wa "kuondoa sumu". Antioksidanti, yaani kemikali za kuzima chembe kali za oksijeni, zimejaribiwa kwa miaka mingi, lakini hakuna kidonge cha dukani kilichothibitika kuilinda figo iliyopandikizwa. Hatari yenyewe ni kuvuruga kiwango cha takrolimasi, dawa inayozuia mwili kuikataa figo. Balungi, kwa mfano, huipandisha kwenye damu, na ikizidi huibana mishipa ya figo hiyo hiyo. Mitishamba mingine huishusha, mwili ukaanza kuikataa figo. Kabla ya kuonja chochote ulicholetewa, njoo nacho kliniki kikiwa na pakiti yake.