Dafu halishushi busha

“Mjukuu wangu, dafu moja linatosha. La pili linateremka chini.”

Mzee aliyeniambia hivyo alikuwa amekaa kwenye gogo ufukweni Mikindani, kapu tupu kalipakata mapajani. Pale wote tulijua lile kapu linafunika nini. Kwa miaka mingi alikuwa hapandi tena ngalawa, harusini haendi, msikitini anaswali safu ya mwisho, pembeni. Na miaka yote hiyo lawama alikuwa akiutupia mnazi.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Nimefanya kazi Lindi na Mtwara, na kinachoniuma zaidi ya damu ni kumwona mtu ameubeba nusu ya maisha ugonjwa ambao mezani unachukua saa moja hivi, kisa ni neno alilolisikia utotoni. Haya hapa ni baadhi ya maneno hayo, na jibu langu kwa kila moja.

“Mabusha yanaletwa na madafu”

Huku kwetu pwani yanaletwa na mbu. Mbu anamuuma mwenye vimelea vya Wuchereria bancrofti, baadaye anamuuma mwingine, na vimelea vinahamia kwake. Vikikua vinakuwa minyoo myembamba kama uzi, inayokaa kwenye mirija ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, kwa wanaume hasa ile ya korodani, na inaweza kuishi humo miaka 5 hadi 8. Mirija inatanuka na kuharibika. Maji yaliyopaswa kurudi mwilini yanabaki, yanajikusanya kati ya tabaka mbili za utando unaoizunguka korodani. Hilo ndilo busha.

Dafu ukilinywa linapita tumboni, linaingia kwenye damu, linachujwa na figo, linatoka kama mkojo. Njia ya kutoka tumboni kwenda kwenye korodani haipo. Lakini naelewa dhana hii ilivyozaliwa. Minazi inapostawi pana joto na unyevu, na mbu nao wapo tele. Mnywaji wa madafu na mwenye busha wanaishi mtaa mmoja, mara nyingi ni mtu yule yule, na dafu linaonekana mkononi wakati mbu wa usiku haonekani.

Maana watoto wa minyoo hii hujitokeza kwenye damu usiku, saa za mbu. Ndiyo sababu wapimaji wa zamani walipita vijijini usiku wa manane, taa mkononi, wakitoboa watu vidole. Makunduchi, kule Zanzibar, miaka ya 1980 mwishoni watafiti waliwapa watu dawa, kisha wakamwaga chembe nyepesi za plastiki kwenye vyoo vya shimo ili zielee juu ya maji na kuwanyima viluwiluwi vya mbu hewa. Mbu wakapungua sana, maambukizi yakashuka. Hakuna mnazi hata mmoja uliokatwa.

“Dawa za kingatiba zinaua uzazi”

Ivermectin na albendazole, vidonge vinavyogawiwa watu wengi kwa pamoja kuzuia ugonjwa huu, haziui uzazi. Zinaua watoto wa minyoo walio kwenye damu ili mbu asipate cha kumpelekea jirani. Homa au kichwa kuuma baada ya kuzimeza mara nyingi ni vimelea vinavyokufa mwilini. Ile fimbo anayokusimamisha nayo mgawa dawa ni ya kupimia urefu, maana idadi ya vidonge vya ivermectin hutolewa kwa urefu. Wajawazito hawapewi. Ila usingoje vidonge hivyo vikauke maji ya busha, si kazi yake.

Pangani, Tanga, watu 72 waliingizwa kwenye utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2005. Kundi moja lilimeza doxycycline kwa wiki 8, jingine vidonge visivyo na dawa. Walipopimwa baadaye, wengi wa waliotumia dawa hawakuonekana tena na minyoo hai kwenye korodani. Ni habari njema, na imetoka nyumbani. Lakini busha kubwa lililokwisha kujaa bado ni kazi ya kisu.

“Ukipasuliwa, jogoo hawiki tena”

Hapa ndipo wanaume wengi wanapokwama, nami nataka kueleza ninachokiona kwa macho yangu.

Mgonjwa anachomwa ganzi ya mgongo, yu macho, anaongea nasi. Daktari anapasua ngozi ya mfuko, anafika kwenye utando. Akiutoboa, maji yanatoka rangi ya chai ya rangi iliyozidishwa maji, yanaingia kwenye chupa ya kunyonyea. Nimewahi kusoma lita moja na nusu kwenye chupa ile. Kisha katikati ya utando uliolegea inaonekana korodani yenyewe, nyeupe, laini, ndogo kama yai la kuku wa kienyeji. Haiguswi kwa kisu. Kinachokatwa ni utando uliozidi, au unageuzwa ndani nje na kushonwa, ili maji yasipate pa kukaa. Mishipa ya damu na mrija wa mbegu vinalindwa muda wote. Mfuko unafungwa, kazi imekwisha.

Kinachomzima mwanamume mara nyingi ni busha lenyewe: likikua linaumeza uume ndani ya ngozi, hata tendo la ndoa linashindikana. Ghana na Malawi, waliofanyiwa upasuaji waliulizwa maisha yao baadaye, na wengi walieleza kwamba yamekuwa bora, kazini hata nyumbani.

Yule mzee wa Mikindani alikuwa amewahi kunyonywa maji kwa sindano, kwenye nyumba ya mtu. Yalirudi. Utando ukibaki, maji hurudi, na sindano chafu huacha usaha ndani. Naomba sana, asikubali mtu kudungwa hivyo.

“Ngiri ni chango, inatibiwa kwa mizizi”

Kwenye mabango ya dawa za asili neno ngiri limebebeshwa kila kitu: tumbo kuunguruma, kiuno kuuma, nguvu za kiume kupungua. Hospitalini ngiri ni kitu kimoja. Ni tundu au udhaifu kwenye ukuta wa misuli ya tumbo, na utumbo au mafuta yanachungulia hapo. Hakuna mzizi unaoshona tundu.

Je, kila ngiri ipasuliwe kesho? Hapana, na hili nalo limechunguzwa. Amerika ya Kaskazini wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua sana waligawanywa: wengine wakapasuliwa, wengine wakangoja huku wakiangaliwa. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba utumbo kubanwa ghafla kwenye tundu kulikuwa nadra sana kwa waliongoja. Walipofuatiliwa hadi miaka 10, takribani 68 kati ya kila 100 walikuwa wameomba upasuaji wenyewe, hasa kwa maumivu. Lakini wale walikuwa na hospitali karibu. Mtu wa ndani kabisa Liwale, wakati wa masika barabara imekatika, namshauri asingoje. Uvimbe ukigoma kurudi, ukauma, nawe ukaanza kutapika na hewa haitoki, hiyo ni safari ya saa ile ile, utumbo unakufa.

Halafu kuna hofu ya “kuwekewa chandarua tumboni”. Ni kweli, tundu huzibwa kwa wavu, maana kushona peke yake hurudisha ngiri mara nyingi zaidi. Mashariki mwa Uganda wanaume 302 waliwekewa, kundi moja wavu wa kiwandani wa bei kubwa, jingine wavu wa bei ndogo uliotokana na kitambaa cha chandarua kisicho na dawa, kilichotakaswa vizuri. Baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu wa kundi la bei ndogo, na hakuna hata mmoja kwa kundi la wavu wa kiwandani. Utafiti huo ulitoka mwaka 2016.

Kwa mtoto mchanga, kitovu kilichotokeza usikifunge sarafu. Vingi hujifunga vyenyewe kabla ya miaka mitano. Uvimbe wa kinena wa mtoto haujifungi, huo mlete.

“Mkono ukishakunjamana kwa moto, ndiyo basi”

Msimu wa korosho napokea mikono iliyobabuka kwa mafuta ya ganda. Mafuta yale ni makali, yanachubua ngozi bila moto. Osha kwa sabuni na maji mengi. Ukiungua kwa moto au uji, maji safi ya baridi yatiririke dakika 20. Dawa ya mswaki na yai viache jikoni.

Anayeniumiza ni mtoto aliyepona kwa nje, vidole vimeshikana na kiganja, na nyumbani wameshamwita kilema. Kovu lile linakatwa, vidole vinanyooshwa, ngozi nyembamba inachukuliwa pajani na kupandikizwa. Kisha anafungwa ubao wa kunyoosha, hasa usiku, kwa miezi, na mama anafundishwa mazoezi ya kila siku, kwa sababu kovu huendelea kuvuta hata baada ya ngozi kushika. Hata aliyeungua miaka mitatu iliyopita mlete, ingawa mapema ni bora: mifupa ya mtoto inakua, na inakua kufuata umbo ambalo kovu limeishikilia.