Breki Zikilia, Sikiliza Zinalia Lini

Dereva akimwambia mkaguzi wa magari kwamba breki zake zinapiga kelele, haulizwi kwanza kelele hiyo ni kubwa kiasi gani. Anaulizwa inasikika lini. Ni asubuhi tu, au siku nzima? Ni ukikanyaga pedali, au hata mguu ukiwa mbali nayo? Ukubwa wa sauti hudanganya sana. Breki nzima inaweza kulia hadi wapita njia wakageuka, na breki iliyobakiza siku chache inaweza kukwaruza taratibu chini ya sauti ya redio.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,500 linalosimama kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa huacha nishati ya karibu kilojuli 580, inayotosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya baridi. Sehemu kubwa ya nishati hiyo humalizikia kwenye diski, ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na pedi chache zinazoibana, tena zaidi za mbele, kwa kuwa gari linapofunga breki uzito wake huegemea mbele. Chini ya mbano huo pedi hushika, huteleza kidogo, kisha hushika tena kwa haraka mno, na diski huanza kutetemeka. Mtetemo ukizidi herzi 1,000 hivi, sikio huusikia kama mlio mwembamba. Ukiwa chini ya hapo, gari huguna. Kwa hiyo mlio peke yake ni habari ya mtetemo, si ushahidi kwamba breki hazina nguvu.

Diski nyingi ni za chuma cha kusubu, na chuma hicho kikilala kwenye umande au mvua hupata kutu nyepesi kufikia asubuhi. Ukifunga breki mara tatu nne, pedi huisugua ikaondoka, na mkwaruzo hukoma. Magari ya umeme na ya mseto huonyesha hali hii zaidi, kwani mota yake ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi na diski hukaa bila kusuguliwa. Pedi mpya nazo huweza kulia kidogo katika kilomita mia chache za mwanzo, hasa zenye chembe nyingi za chuma ndani yake. Gari la gia za otomatiki huguna ukiliachia lisogee huku mguu ukigusa breki kidogo tu. Na ule mngurumo unaoambatana na pedali kutetemeka unapofunga breki kwa ghafla kwenye barabara yenye utelezi ni mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu yasijifunge na kuteleza, ukiwa kazini. Usishtuke ukaachia pedali, endelea kukanyaga.

Sasa tuje kwenye mlio unaokuja kila siku, kila safari. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 za kitu cha kusugua, na mafundi wengi hushauri kuibadilisha inapobaki na milimita 3. Pedi nyingi zimefungwa kibati chembamba cha chuma ambacho, unene ukifika hapo, hugusa diski na kutoa mlio mkali. Kimewekwa kwa makusudi ili kikukere. Kinachowapotosha wengi ni kwamba kwenye baadhi ya magari kibati hiki hulia gari likiwa katika mwendo na hunyamaza ukikanyaga breki. Dereva akisikia hivyo hujiambia kwamba tatizo haliwezi kuwa breki. Ni breki.

Si kila pedi ina kibati hicho. Baadhi ya magari hutumia taa ya dashibodi, na mengine hayana chochote. Ndiyo maana ni vema kuchungulia mwenyewe kupitia matundu ya rimu, lakini ujue kwamba hapo mara nyingi unaiona pedi ya nje tu. Ya ndani inaweza kuwa imekwisha kabisa huku ya nje ikionekana nzima, hasa pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zinapokauka grisi na kukwama. Tairi ikifunguliwa kwa sababu yoyote ile, mwombe fundi aziangalie zote mbili.

Onyo la mlio likipuuzwa, sauti hubadilika. Mlio mwembamba hugeuka kuwa msago mzito unaousikia hadi kwenye pedali. Hapo kitu cha kusugua kimekwisha, na bati la mgongo wa pedi linasaga diski, chuma kwa chuma. Gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, diski huchimbika, na joto hupenya hadi kwenye mafuta ya breki. Hii si sauti ya kusubiri mwisho wa mwezi. Gari lisiendeshwe hata hadi gereji. Fundi aje, au livutwe.

Mkwaruzo usiokoma hata usipogusa breki mara nyingi ni kijiwe kilichonaswa kati ya diski na bati la kuikinga, jambo dogo kuliko linavyosikika. Kugonga kila unapofunga breki ni jambo jingine: boliti au klipu imelegea, au pini zimelika, na boliti ya kalipa ikitoka yote ni hatari kubwa. Na rimu moja ikiwa na joto kuliko wenzake baada ya safari, pengine na harufu ya kuungua, kalipa ya upande huo imekwama na haiachii. Sogeza tu mkono karibu ulihisi joto, usiishike.

Kuna dawa za mlio ambazo ni hatari kuliko mlio wenyewe. Mafuta ya injini, grisi au dawa ya kulainisha ikipulizwa kwenye diski huondoa kelele kweli, kwa sababu huondoa msuguano, na msuguano ndio breki yenyewe. Grisi maalumu ya breki hupakwa mgongoni mwa pedi na kwenye pini, si kwenye uso unaogusa diski. Kupiga pedi msasa hutuliza mlio kwa muda ikiwa uso wake ulikakamaa kwa joto, lakini pedi iliyobaki milimita 2 hainenepi kwa msasa. Vumbi la breki nalo lisipulizwe kwa hewa wala kwa mdomo, kwani pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Hitilafu mbaya kuliko zote huenda zisitoe sauti hata kidogo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155, na kwenye mteremko mrefu mvuke unaojitokeza huifanya pedali iwe laini na kuzama. Watengenezaji wengi hushauri kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi. Pedali ikizama, gari likivuta upande mmoja au taa nyekundu ya breki ikiwaka, simama mahali salama, hata kama kila kitu kiko kimya.

Ukishabadilishiwa pedi, kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama kabla ya kuondoka gereji. Pistoni ya kalipa, inayosukuma pedi, hurudishwa nyuma wakati wa kazi hiyo, na pedali ya kwanza inaweza kwenda hadi sakafuni bila kushika chochote.