Modeli ya utando: hesabu za kukausha ethanoli

Aliyewahi kuona gongo ikipikwa anaujua ukenekaji: chemsha, mvuke upite kwenye mrija, upoe, udondoke. Viwandani ni minara mirefu, lakini kazi ni ileile, na hukwama palepale. Ethanoli, yaani kileo chenyewe, ikifika asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke unaopanda huwa na maji kiasi kilekile kilichomo kwenye kimiminika, kwa hiyo hata ukichemsha mchana kutwa haikauki zaidi ya hapo. Wanakemia huiita hali hiyo azeotropi. Mpika gongo haimsumbui hata kidogo. Anayesumbuka ni mwenye kutaka kuichanganya na petroli, au kiwanda cha dawa kinachotaka kiyeyushi kikavu.

Njia mojawapo ya kukiruka kikwazo hicho ni pevaporesheni. Ethanoli ya moto hupitishwa juu ya utando wa plastiki unaopenda maji, mara nyingi polivinili alkoholi, na upande wa pili hewa hunyonywa mpaka kukaribia ombwe. Maji hupenya na kutokea huko yakiwa mvuke. Jina hilo lilitolewa mwaka 1917 na mwanakemia Philip Kober, huko Marekani, baada ya msaidizi wake kugundua kwamba kimiminika ndani ya mfuko wa kolodioni, utando mwembamba utokanao na selulosi, kilikuwa kinapungua ilhali mfuko umefungwa barabara.

Modeli ya kompyuta ya mtambo kama huu si lazima iwe picha ya rangi inayozunguka kwenye skrini. Aghalabu ni daftari la mapato na matumizi: kilichoingia, kilichopenya, kilichobaki. Na utando huu si kifumbu cha nazi. Hauna matundu ya kuzuia makapi. Molekuli huyeyuka ndani ya plastiki, hujipenyeza, kisha hutoka upande wa pili. Basi modeli huuliza maswali mawili kwa kila kitu kilichomo: kinaingia kwa wingi gani, na kinasafiri kwa kasi gani? Msukumo wenyewe ni tofauti ya shinikizo la mvuke kati ya pande mbili. Kompyuta huukata mtambo vipande vidogo, ikapiga hesabu ya kipande cha kwanza, na kinachobaki hapo kikawa mwanzo wa kipande cha pili, hivyo hivyo hadi mwisho.

Kinachowashangaza wengi ni joto. Maji yakigeuka mvuke hudai nishati, na hapa huichukua kwenye ethanoli yenyewe. Chukua kilo 1 yenye maji asilimia 5. Kuyageuza mvuke maji hayo, gramu 50, kunahitaji kilojuli 115 hivi, na hizo zinatosha kuipoza ethanoli iliyobaki kwa karibu nyuzi 40. Utando uliopoa hupitisha maji kwa shida. Ndiyo maana mtambo hugawanywa hatua kadhaa, na kati ya hatua na hatua huwekwa kipasha joto. Ngapi, na kila moja iwe na utando wa ukubwa gani? Hilo ndilo modeli inatakiwa kujibu kabla chuma cha kwanza hakijakatwa.

Modeli inaweza kudanganya, tena vizuri tu. Maji yakiwa mengi plastiki huvimba, njia zake hulegea, na ethanoli nayo hupata mwanya. Namba zilizopimwa kwenye kimiminika kinachokaribia kukauka hazifai kwa chenye maji mengi, kwa hiyo kipande halisi cha utando lazima kijaribiwe maabara kwa viwango mbalimbali vya maji na joto. Mwenye kukopa namba za utando wa mwenzake atapata jibu lenye desimali nyingi na ukweli mchache.

Gharama huonekana zaidi kwenye mkia. Maji yakibaki kidogo, msukumo hufifia, na sehemu kubwa ya utando hutumika kufukuza matone machache ya mwisho. Hapo mhandisi huirudia hesabu mara nyingi, akilinganisha bei ya kuongeza utando na bei ya kupunguza zaidi shinikizo upande wa ombwe.