Je, wajua kwa nini ni vigumu kulipata kaburi la babu wa babu katika kijiji cha Ujerumani?

Kila mwaka Wamarekani hufunga safari kwenda kutafuta asili yao katika vijiji kama Kallstadt, kijiji cha mizabibu huko Pfalz, kusini-magharibi mwa Ujerumani, walikotoka ukoo wa Trump na ule wa Heinz wa kechapu. Wengi wakishafika tu, mguu wa kwanza ni makaburini. Wanapita safu kwa safu wakisoma majina, na wanachokikuta ni mawe yanayong'aa, maua mabichi na tarehe za juzijuzi. Waliozikwa 1850 wako wapi?

Walihamishwa na kalenda. Ujerumani kaburi hukodishwa. Familia hulipia kipande cha ardhi kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 20 hadi 30. Kila mji una kanuni zake, na hata udongo unahesabiwa: mfinyanzi wenye majimaji huozesha mwili polepole, basi muda hurefushwa. Kipindi kikiisha, makaburi ya aina fulani yanaweza kulipiwa tena, mengine hayaongezwi kabisa. Asipotokea wa kulipa, jiwe hung'olewa na pale pale huzikwa mwingine. Sasa mzee ambaye watoto wake wote walipanda meli kwenda New York, nani angemlipia?

Yasiyoguswa ni makaburi ya Wayahudi, ambao dini yao inataka maiti aachwe alipolala, na yale ya waliokufa vitani, yanayolindwa na sheria.

Kwa hiyo mababu hutafutwa kwenye karatasi. Makanisa yaliandika ubatizo, ndoa na maziko, mengine tangu karne ya 16, japo Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648) viliteketeza madaftari mengi. Serikali ilianza kusajili watu nchi nzima mwaka 1876 tu. Kumbukumbu zake za vizazi hufunguliwa baada ya miaka 110, za ndoa 80, za vifo 30.

Ukilipata daftari, bado kuna mwandiko. Kurrent, hati ya zamani ya Kijerumani, ina "e" inayofanana na "n", na hata Wajerumani wengi wa leo hawaisomi. Wazoefu huanza kuizoea wakiwa kwao, kwenye tovuti zenye picha za madaftari ya kanisa: Archion kwa Waprotestanti na Matricula kwa Wakatoliki. Makaburini huenda mwisho, kuangalia tu kama jina la ukoo bado lina wenyewe kijijini.